Upande wa Vitanda Vitupu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni madoa kwenye aproni ya shangazi. Aproni zetu ni za bluu, na yake ilikuwa imetokwa na vidoa vyeupe tumboni, kama iliyorushiwa chokaa. Maji ya sabuni hayali rangi ya nguo namna hiyo. Klorini ndiyo inayokula, na klorini ilishapigwa marufuku kwenye wodi yetu.

Aliyeipiga marufuku ni mtaalamu mmoja mwanamke kutoka maabara, ambaye sisi wasafishaji tulimpachika jina la Mama Plastiki. Haamkii mtu. Alitupanga ukutani akatueleza kwa mkato kwamba vyuma vya pembeni vya vitanda vya dirishani amevipaka utando wa plastiki usioonekana, unaoua bakteria wakiugusa. Utando wake wa kwanza uliwawasha wagonjwa viganja. Wa pili ulibanduka kabla ya mwaka kuisha. Huu wa sasa hauachii sumu na umeshikana na chuma, lakini lazima upimwe. Vitanda vya mlangoni aliviacha vitupu, bila utando, ili vilinganishwe na vile. Pande zote tupanguse kwa maji na sabuni, sawasawa, basi.

"Msiniletee ujuaji wenu," alimalizia.

Shangazi, ambaye ndiye msimamizi wetu, alingoja mgongo wa mtaalamu upotee koridoni. "Leo kitanda kinajisafisha chenyewe," akasema, "kesho sakafu itajifagia. Sisi tutakwenda wapi?" Wenzangu walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi.

Mimi niliishi kwake. Baba alipofariki niliacha shule ya msingi katikati, shangazi akanichukua, akanilea, akaniingiza kazini. Siongei sana. Kazini waliniita Bubu, na jina hilo lilianzia mdomoni mwake.

Baada ya kuona yale madoa, nikaanza kuwahi wodini. Asubuhi moja nikamkuta ameinama upande wa mlangoni, chupa miguuni pake, anasugua vyuma kwa tambara lililonuka klorini mpaka macho yakaniwasha. Vya dirishani hakuvigusa. Hapo nikaelewa. Vitanda vitupu vikitoka safi sawa na vilivyopakwa, utando utaonekana hauna kazi.

Aliniona na wala hakushtuka. "Jana ulilala kwa nani?" akaniuliza.

Nikamjibu, kwake.

"Basi chukua ndoo uende koridoni."

Nikaenda.

Watu wa maabara walikuja kila asubuhi kupitisha vijiti vyao vya pamba kwenye vyuma, tambara la shangazi likiwa limetoka kupita. Mchana ndugu wa wagonjwa walipoingia na mikono yao, vitanda vya mlangoni vilirudia uchafu wake, lakini mchana hakuna aliyepima. Kwenye kitanda cha kwanza mlangoni alilazwa msichana wa rika langu, kaungua mkono na bega kwa maji ya moto. Kidonda chake kilianza kutoa usaha. Ng'ambo yake, dirishani, kulikuwa na mwenzake aliyeungua vilevile, naye alikuwa anapona. Sijui kama ni utando. Madaktari wangejua, kama majibu waliyopelekewa yangekuwa ya kweli.

Majibu yalitoka sawa kwa pande zote. Tulisikia kwamba hospitali inataka utando ukwanguliwe na mambo yaishe. Mama Plastiki alikuja uso umemvimba. Alipita kitanda hadi kitanda, akainama, akakuta vitupu vimeanza kuota kutu kwenye maungio, akanusa. Kisha akatuita wote mbele ya muuguzi mkuu akauliza ni nani aliyetumia klorini.

Shangazi aliniwekea mkono begani. Kwa mbali ungesema ananibembeleza, lakini kucha zilikuwa zinaingia.

"Ni huyu, mtoto wa kaka yangu," akasema. "Shule hakumaliza, maelekezo hayamkai kichwani. Msameheni tu."

Mama Plastiki akanitazama. "Ni kweli?"

Wenzangu waliangalia viatu vyao. Ukimya wangu ukahesabiwa kuwa jibu, naye akasema kwa sababu ya watu kama mimi wagonjwa wataendelea kuozea humu. Nikavua aproni pale pale. Kwa kuwa mharibifu ameshapatikana, upimaji uliruhusiwa kuanza upya, na msimamizi wa usafi akabaki yule yule. Yule msichana alihamishiwa kwingine. Habari zake sikuzipata tena.

Jioni shangazi alinipakulia chakula kingi kuliko kawaida. Alisema mimi bado mdogo, nitapata kibarua kingine, yeye kwa umri wake nani angemchukua? Alisema siku moja nitamshukuru. Nilikula mpaka nikamaliza, nikaosha vyombo, nikaenda kulala. Alfajiri nilimsikia akitoka kwenda kazini, na chupa ikigonga ndani ya mkoba wake.

Sasa nasema. Shangazi, ulidhani nilinyamaza kwa heshima. Sikuwa na heshima kwako siku ile hata chembe, niliogopa kulala nje. Na tangu ule utando ulipopakwa nilikuwa upande wake. Nilitaka ushinde. Nilitaka ututoe kazini sote pale wodini, na wa kwanza uwe wewe.