Bibi Taratibu

Mume wangu alinibandika jina la Taratibu wiki ile ile tuliyojuana, na mtaa mzima ukalidaka. Mteja akija kunifokea kwamba suruali imembana, namtazama tu, nachukua futi, nampima upya. Watu wakasema fundi huyu ana moyo wa peke yake. Moyo gani? Kilikuwa kidonge kimoja cha sonona kila asubuhi, miaka kumi na mmoja. Nilianza kukimeza miaka miwili kabla ya kumjua yeye, nilipokuwa siwezi hata kuinuka kwenda kuoga. Sikisemi vibaya, kiliniokoa.

Ila mwaka jana mama alifariki, nami sikutoa chozi. Nilisimama kaburini nahesabu vifungo vya koti la binamu yangu. Shangazi akaninong'oneza, "Lia basi, mwanangu, watu wanakuangalia." Nikajikamua, wapi. Mama aliyenizaa, jamani. Hilo ndilo lililonipeleka kwa daktari kuomba niache dawa. Nilitaka kumlilia mama yangu, sikuwa na kingine.

"Tutapunguza taratibu," daktari akasema. Nikacheka, akabaki ananishangaa.

Ikachukua miezi minane, kila kipimo akinipangia yeye. Nikigeuza macho tu, kichwa kinanipiga shoti kama nimeshika waya. Hayo alinionya. Hakunionya kuhusu mdomo wangu. Bomba likiachwa linadondoka, nawaka. Mume wangu akitafuna kwa sauti, nawaka. Yeye ni fundi saa, mtu wa kuinamia vitu vidogo kimya kimya, na miaka tisa alizoea kurudi kwenye nyumba iliyotulia. Siku moja nilimtolea maneno kuhusu mama yake ambayo siyarudii hapa. Alichukua sahani yake akaenda kumalizia chakula jikoni, amesimama. Nilijionea aibu, lakini kurudi nyuma sikutaka, kwa sababu chozi lenyewe lilikuwa bado halijaja.

Lilikuja Jumamosi, kazini. Mteja mmoja, dada wa makamo, aliniletea gauni la kijani. "La marehemu mama," akasema. "Nipunguzie kiunoni, nalivaa kesho." Akakaa kwenye benchi kusubiri. Nikaligeuza ndani nje, nikaanza kufumua mshono wa ubavuni. Ndani nikakuta pindo limeachwa pana, vidole viwili vizima. Hivyo ndivyo wanavyoshonesha watu wanaotarajia kunenepa, wanaotarajia kuendelea kuwepo. Mama yangu naye alikuwa akiniambia, niachie nafasi, mwanangu, mwakani nitakuwa mnene. Nililia mpaka kamasi, nikalowesha gauni la watu.

"Umelikata?" yule dada akauliza, amesimama ghafla.

"Sijalikata. Namlilia mama."

Akalitazama gauni, akanitazama mimi, akarudi kukaa. Hakunihimiza. Nilimalizia kazi yake macho yamevimba, nikafunga duka mchana kweupe nikakimbilia nyumbani. Nilitaka kumwambia mume wangu kwamba limekuja, kwamba yale yote tuliyoyavumilia hayakuwa bure.

Mlango wa sebule ulikuwa umerudishwa. Alikuwa anaongea na wifi yangu kwenye simu.

"Sio kwamba simpendi," alisema. "Namkumbuka mke wangu, dada. Huyu simjui, na yule harudi."

Nilisimama pale na mkoba begani. Nilingojea hasira, maana siku hizo ilikuwa karibu sana, haikuja. Alikuwa anasema kweli. Mwanamke aliyemposa, aliyelala naye miaka tisa, nilikuwa nimempunguza robo kwa robo mpaka akaisha, wala sikumuuliza mwenye mke.

Nikaingia, nikakaa kando yake. Akakata simu haraka, akaona macho yangu.

"Pole," nikamwambia.

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

Hakunibishia. Alijifunika uso kwa viganja, tukalia wote wawili pale kwenye kochi, kila mtu na marehemu wake.