Viduara vya Kona

Kiwandani kwetu Luleå tulibakiwa na oda moja tu, ya nguzo za milango ya magari. Bati la majaribio likichanika, mashine inafungwa na sote tunarudi nyumbani. Injinia Gunvor alishapiga hesabu: hata likiwa jekundu kwa moto, kona ya nguzo haitavutika kiasi kinachotakiwa bila kuchanika.

Tukachapa juu ya bati viduara vya kuonyesha linavyovutika, tukalipasha tanurini, tukaligandamiza. Katikati viduara vilirefuka kama mayai. Kwenye kona vilipasuka pamoja na bati.

"Umepatia, Gunvor," Torbjörn, fundi mwenzangu, akamtania. "Anayepatia hununua keki, ya leo juu yako."

"Funga mdomo, Torbjörn. Niliomba nikosee."

Gunvor akajifuta macho kwa glavu.

"Pasheni lingine," akasema.

Upuuzi mtupu, hesabu ilikuwa ile ile, lakini nikalipasha.