Gari Lililooshwa Tumbo

Regina hakuwa mtu wa kuongea mbele za mashemeji, na hilo ndilo lililomponza Gideoni akadhani siku ile itakuwa yake.

Gideoni ni kaka mkubwa wa Cuthbert, mume wa Regina. Miaka ishirini iliyopita aliwahi kuendesha lori la mbao kwa miezi minne, na tangu hapo, gari lolote likikohoa kijijini Lulindi, yeye ndiye daktari. Hakuna aliyewahi kumwona ameshika spana. Lakini anajua kukunja mikono kifuani, kuinamisha kichwa na kusema "mmh, hii ni injini," na watu wakatulia. Basi mwaka ule ukoo ulipouza korosho na kukubaliana fedha yote iende kwenye gari moja la familia, nani mwingine angetumwa kulitafuta? Alikwenda Newala mara moja tu, akarudi kichwa kimevimba. Kapata Noah nyeupe, anasema, ya zamani kweli, lakini inang'aa utadhani imeshuka melini jana. Kufika Jumapili alishawatangazia mpaka wanakwaya.

Gari lenyewe halikuwa la fahari. Lilikuwa la Huruma, binti wa Regina na Cuthbert, mwenye miaka kumi na mitatu. Miguu yake haijawahi kumbeba tangu azaliwe, ila akili anazo za kugawia watu. Alikuwa amefaulu darasa la saba, kachaguliwa kidato cha kwanza shule anayofundisha baba yake, kilomita kumi na moja kutoka nyumbani. Bweni hakuna. Pikipiki walishaijaribu: walimfunga kwa kanga mgongoni kwa baba yake, wakaanguka wote mchangani, mtoto akavunjika mkono. Kwa hiyo ni gari, la sivyo Huruma abaki nyumbani kufukuza kuku. Na fedha ile ya korosho ikiishia kwenye gari bovu, basi, hakuna nyingine. Hilo ndilo lililomnyima Regina usingizi mwezi mzima.

Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, mvua hazijaanza, wakashuka kwenye basi Newala wakiwa wanne: Gideoni mbele, Cuthbert na Huruma mgongoni, Regina nyuma akisukuma kiti cha magurudumu kisicho na mtu. Muuzaji, Jafari, alikuwa anawasubiri uani kwake. Mfupi, mnene, shati limepigwa pasi, maneno yanamtoka bila breki.

"Shikamoo, mzee Gideoni! Shikamoo, mwalimu! Karibu, mama, karibu. Na huyu ndiye mwanafunzi wetu? Mwenyezi Mungu ambariki. Gari lenu hilo hapo, linawasubiri ninyi tu."

Na kweli, lilikuwepo. Weupe wake uliumiza macho. Viti vimefungwa nailoni, tairi zimepakwa kitu cheusi zikameremeta, ndani kunanukia marashi ya waridi kama chumba cha bibi harusi. Cuthbert akasahau ualimu wake, akatabasamu kama mtoto. Gideoni akapiga boneti makofi mawili.

"Si niliwaambia?"

Regina akasogea. Aliweka kiganja juu ya boneti ile, akakiacha hapo. Ilikuwa ya moto. Saa mbili asubuhi hiyo, gari limesimama, boneti ya moto! Mtu kalingurumisha mapema ili wageni wakifika liwake kwa mguso mmoja, lisijikune wala kupiga chafya. Hilo akalimeza kwanza. Akapiga magoti kwenye mchanga, akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa ardhi, akachungulia chini ya gari.

Chini kulikuwa safi. Sipendi kutia chumvi, lakini kulikuwa safi kuliko sahani za watu wengine ninaowajua. Injini yote inameta, giaboksi inameta, hata vyuma ambavyo havina kazi yoyote zaidi ya kukaa huko chini navyo vinameta.

"Unaona, shemeji?" Gideoni alisema kwa raha. "Safi mpaka tumboni! Mtu anayetunza gari hivi, huyo ni muungwana."

Sasa, hapa lazima niseme jambo. Gideoni ni mtu wa Lulindi. Kwao kuna visima. Maji yakimwagika, wanachota mengine. Regina kaolewa Lulindi, lakini kazaliwa Newala hii hii, kakulia kwenye foleni ya ndoo. Kashuka bondeni gizani na kupanda mlima na maji kichwani kabla ya kengele ya shule. Kwao waliyaosha mahindi, maji hayo hayo wakaoshea vyombo, hayo hayo wakamwagia mche wa mpapai. Mtu wa Newala akiwa na gari, mwezi wa Novemba, analipangusa kioo kwa kitambaa kibichi, na akiwa na harusi analipangusa na milango. Tumbo la gari? Nani anaangalia tumbo la gari?

Regina akainuka, akajikung'uta magoti.

"Baba," alimwambia Jafari taratibu, "umelioshea wapi?"

"Hapa hapa, mama! Jana jioni. Mimi mteja wangu simpi gari chafu."

"Na chini?"

"Na chini! Kwa sabuni ya unga na brashi."

"Kwa ndoo ngapi?"

Jafari hapo angenyamaza, angepona. Lakini muuzaji akishaanza kujisifu hana kituo. "Ndoo kumi na mbili, mama! Ninazinunua kwa fedha yangu!"

Regina akamgeukia mumewe, na sauti yake ikapanda, sauti ambayo ukoo ule haukuwahi kuisikia nje ya kanisa.

"Cuthbert, twende zetu. Huyu mtu anatuficha kitu. Newala, Novemba, ndoo kumi na mbili kwenye tumbo la gari? Mama yangu alikuwa anatuogesha watoto sita kwa ndoo moja! Hakuna mtu hapa anayemwaga maji yote hayo mahali pasipoonekana, ila kama pana kitu hataki kionekane."

"Mama Huruma!" Gideoni alifoka. "Unatudhalilisha mbele za watu! Tangu lini usafi ukawa kosa?"

Kumjibu kaka mkubwa wa mume si mchezo. Lakini Regina alimtazama Huruma pale kwenye kiti chake, akapiga moyo konde.

"Shemeji, nakuheshimu. Naomba nusu saa tu. Nikiwa nimekosea, nitakuomba radhi hapa hapa, na Jumapili mbele ya kwaya."

Mbele ya kwaya! Hilo Gideoni hakuweza kulikataa. Regina akaokota boksi kubwa la katoni, akalikunjua, akalisukuma chini ya injini. "Liwashe," akamwambia Jafari. "Liache lingurume. Sisi tutakunywa soda."

Wakanywa soda. Jafari alisimulia habari za korosho, za mpira, za shangazi yake aliyeko Nanganga, mradi tu watu wasitazame chini. Dakika ya kumi na tano, tone la kwanza likaanguka. Tap. Halafu la pili. Huruma, ambaye kiti chake kilikuwa chini na macho yake yanaona vizuri kuliko ya wakubwa, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika arobaini, Jafari akacheka kicheko kikavu.

"Hayo ni maji ya kiyoyozi, mama."

Regina akavuta boksi. Sehemu mbili zimelowa: huku injini, huku giaboksi. Akachovya kidole, akakinusa, akakipeleka mpaka puani kwa Gideoni. Kidole kilikuwa cheusi.

"Shemeji, wewe ndiye dereva. Haya ni maji?"

Gideoni alikinusa kile kidole. Aliona haya mpaka masikio yakamcheza, na nitampa haki yake: hakudanganya. "Ni oili," alisema. "Tungepigwa." Akakaa juu ya tofali, akashika kichwa. Cuthbert naye alinyong'onyea. Walikuwa wameokoa fedha, lakini Januari ilikuwa inakuja na gari hawana.

Ndipo Regina alipoliona la pili. Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha makuti. Noah vilevile, rangi yake labda bluu, labda kijani, vumbi jekundu limeifunika yote. Kiti kimoja kimechanika, taa imeshikwa kwa utepe wa gundi.

"Na lile?"

"Ah, lile achana nalo, mama. Lile chafu, la kwangu tu."

"La kwako unapanda mwenyewe?"

Kabla Jafari hajajibu, mkewe, Shakila, akatokea jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote, na inaonekana zile ndoo kumi na mbili zilikuwa bado zimemkaa kooni.

"Tunapanda sisi sote," alisema. "Mimi, yeye, Stamili na wadogo zake, na mama mkwe. Mwaka wa sita huu halijatulaza njiani hata siku moja. Mwambie, Baba Stamili! Au nalo utaliogesha kwanza?"

"Ninalitaka hilo," Regina alisema. "Ninataka unalowapakia wanao."

Boneti ya hili ilikuwa baridi. Regina akalala tena mchangani, safari hii chali, na Gideoni, bila kuambiwa, akavua shati jipya akalala kando yake. Huko chini vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, jekundu, kavu, laini kama unga. Oili ikivuja kwenye vumbi namna ile inakuwa tope jeusi, hata kipofu angeipapasa akaijua. Gideoni alipitisha kidole kwenye giaboksi, kwenye injini, kwenye ekseli. Kikatoka chekundu, kikavu.

"Shemeji," alinong'ona, "hili gari halivuji hata machozi."

Likawashwa likiwa baridi. Lilijikuna mara moja, likawaka, na moshi haukuonekana. Cuthbert, miwani puani, akalinganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu, jinsi anavyosahihisha mitihani. Kisha zamu ya Huruma. Regina akavuta mlango wa ubavuni, akarudi nyuma, akaamuru mtu asimguse. Mtoto akasogeza kiti, akashika mkono wa chuma uliopo mlangoni, akajivuta. Hakufika. Akajivuta tena, akauma mdomo, na puu, akawa ameketi kwenye kiti cha pili, nywele zimejaa vumbi.

"Mama! Nimeingia mwenyewe!"

Regina alitaka kulia, akajikaza. Bado kulijaribu mlimani.

Gideoni akashika usukani, maana lazima kila mtu apewe heshima yake, na Jafari akakaa pembeni yake. Wakateremka mlima wote mpaka bondeni. Breki zikashika kila kona, gari halikuvuta kushoto wala kulia. Kule chini wanawake saba walikuwa wanaanza kupanda na madumu ya maji. Regina akatoa kichwa dirishani.

"Dada zangu, pandeni! Na madumu yenu! Bure!"

"Mama, utaliua!" Jafari alipiga kelele.

"Likifa, ni bora life leo likiwa bado lako!"

Wakajibana, wengine wamekaliana mapajani, madumu miguuni, Huruma katikati yao anacheka mpaka kwikwi. Gideoni akatia gia ya kwanza. Gari likanguruma, likasita kidogo pale kwenye kona kali, na watu wote, hata Jafari, wakainama mbele kana kwamba wanalisaidia kusukuma. Likapanda! Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, mshale wa joto umetulia katikati, hausogei. Wanawake wakaanza kuimba, Gideoni akapiga honi kila kona bila sababu, na walipotokea juu Newala kwa vigelegele, watu sokoni waliuliza ni harusi ya nani.

Bei haikuchukua muda. Jafari alijaribu kunung'unika kwamba analipenda gari lake, Shakila akamwambia atapenda lingine. Regina alilichukua kwa bei ileile ya jeupe, na kuongezewa tairi mbili mpya bure. Jioni hiyo walifika Lulindi, na Gideoni aliwaeleza majirani kwa mikono miwili jinsi vumbi linavyomtoa mwizi nje. Alieleza kwa sauti kubwa, lakini kila alipofika penyewe alisema, "Muulizeni shemeji yangu." Hilo lilimfurahisha Regina kuliko soda zote.

Siku ya kwanza ya muhula, Januari, mvua ilinyesha usiku kucha. Bodaboda zilikwama matopeni, wanafunzi wengine walifika saa nne. Gari la vumbi, ambalo sasa mvua ilikuwa imelifanya kijani, lilifika saa moja na nusu, Gideoni usukanini, na ndani yake walikuwemo Huruma na watoto sita wa jirani.

Regina alisema anawasindikiza tu, atarudi. Hakurudi. Alisimama chini ya dirisha la darasa, kanga imelowa, na kumsikiliza mwalimu akiita majina ya kidato cha kwanza, moja baada ya jingine, wavulana kwanza. Alianza kuogopa, upuuzi tu, kwamba labda la Huruma hawakuliandika.

"Huruma Cuthbert."

"Nipo!"

Ilikuwa sauti kubwa kuliko zote zilizotangulia, na darasa likacheka. Regina akapiga kigelegele pale pale mvuani, kirefu, mpaka mwalimu akaja dirishani kuona kuna nini.