Kila Mtu na Chake

Mama alipokwenda kwa jirani, tulikutana uani kuamua: tuuze ule mkweche wa viti saba, au tuutengeneze uendelee kumpeleka kliniki ya macho. Tuliupata kwa bei ya kutupa, na kila kilichoharibika, mmoja wetu alijitolea kukibadilisha.

Kaka akasema tuuze. Dada akaruka: "Mkiuza, matairi yangu natoa!"

"Basi na betri yangu naondoka nayo," kaka akajibu.

Shemeji, ambaye hata hakuulizwa, tayari alikuwa anachomoa redio yake.

Nikafoka mpaka sauti ikakauka. "Nyie mna akili kweli? Kesho ana kliniki!" Nani amsikilize kitindamimba? Wakaondoka wamenuniana, wakaliacha gari juu ya mawe.

Asubuhi mama akatoka na mkongojo wake, amejifunga kitambaa kizuri kichwani. Kabla sijapata la kumwambia, akaupapasa mlango, akajivuta juu kwa taabu, akakaa pale pake dirishani. Nami nikakaa kwenye usukani, ufunguo mkononi, kama mjinga.

"Leo limeinuka," akasema, akitabasamu. "Kumbe wanangu mmelinunulia matairi mapya!"