Mota ya Cherehani

Ili kujua shaba inavyorudisha mwanga, Numbi alikuwa akizungusha kioo cha mashine kwa mkono, jicho kwenye tundu, mpaka mwanga uzimike. Kipande kimoja, nusu siku. Mara mbili likizo yake ilikataliwa: kazi haijaisha.

Ndipo akafunga mota ya cherehani izungushe kioo, na kijicho cha umeme kisome mwanga. Sasa kipande ni dakika tano. Rundo zima liliisha wiki ileile, naye akaenda kuaga. Kule Kasaji mkewe, Ndaya, alikuwa amejifungua, na mtoto alimngoja baba ampe jina.

Mkuu wa maabara, ndani ya abakosti mpya, ile suti ya serikali isiyo na tai, alicheka kwa furaha.

"Citoyen Numbi, sasa migodi yote ya Kolwezi italeta bipande hapa! Na hii mashine, nani mwingine anaijua?"

"Hakuna, Tata."

"Basi, utaenda wapi?"

Numbi alirudi, akashika bisibisi aivunje ile mashine. Mkono ukagoma. Akajitukana, akachukua karatasi.

"Ndaya, mutoto umupe jina weye mwenyewe. Mi nimezaa chuma huku, na hakijaachishwa ziwa."