Mashudu ya Faith

Asubuhi kulipopambazuka kule Pito, Albina alimimina mashudu ya alizeti kwenye kihori, akachanganya na pumba, akaweka jiwe la chumvi pembeni. Mbuzi wa mwekezaji hawakuweza kuishi kwa miiba mitupu. Kazi yao ilikuwa kula vichaka vilivyovamia shamba, na shamba hilo, kabla mwekezaji hajalichukua na kuliacha bila kulimwa, lilikuwa la ulezi, la Albina na marehemu mumewe. Sasa alichunga hapo hapo kwa ujira wa debe la mahindi kwa mwezi, na debe lilikuwa linaisha mapema mno.

Binti yake Faith, mwenye miaka saba, alianza kula mashudu kwa siri. Jumapili, walipotoka misa, Albina alimvua kitambaa cha kichwa akakuta pembe mbili, ndogo kama vidole gumba.

"Zinauma?"

"Haziumi, mama. Zinawasha tu."

Msimamizi wa mbuzi, Nestory, alizipapasa kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Sheria ilikuwa kwamba mtu akigusa chakula cha mbuzi anafukuzwa.

"Miiba anakula?" aliuliza.

Faith akang'ata tawi, akalitafuna lote. Basi Nestory akamtoboa sikio, akamvisha hereni ya njano ya mifugo, na kuanzia siku hiyo akaongeza kopo la mashudu kwa ajili yake.

Faith akanenepa. Mashavu yakajaa, kikohozi kikakoma. Albina alifurahi, na furaha hiyo ilimtia aibu, lakini kopo hakulirudisha.

Mbuzi walipomaliza upande wa barabarani, lori likaja kuchukua nusu yao kuwapeleka Kasesya, mpakani. Nestory aliwapandisha wenye afya nzuri. Faith alipanda wa mwisho.

"Kaka Nestory, huyo ni mwanangu!"

"Mama Faith, siku zote alipokuwa anakula mgao wa mbuzi, mbona hukusema?"

Albina alishika ubao wa lori mpaka likaondoka. Faith alichungulia katikati ya mbao, akitafuna, akimtazama mama yake bila kulia.

Kesho yake Albina alimimina mashudu, akapiga magoti, akala kwa mikono miwili. Nestory alimkuta hapo, wala hakukasirika.

"Lori lingine linakuja lini?" Albina aliuliza.

"Mwisho wa mwezi. Ila kula na miiba, mama. Mashudu peke yake hayaoteshi pembe."

Albina akajifuta mdomo kwa khanga, akaelekea vichakani, pale palipokuwa na ulezi wake.