Sabuni ya Mama Beryl

Mwaka 1991 vidole vyangu vilikuwa vimebanduka ngozi kwa sababu ya sabuni ya mche, ile kali ya dukani, hata kukanda unga wa chapati kukawa adhabu. Nililalamika kila asubuhi pale bombani. Nina mdomo, sikatai. Majirani wa ploti yetu ya Busia mjini walinipa pole, wakajaza ndoo zao, wakaenda. Gaudencia, mama yake Beryl, wa chumba cha mkabala, hakunipa pole. Alinipa mkebe wa sabuni.

Aliipika mwenyewe, kama alivyofundishwa na shangazi yake wa Funyula. Alichoma maganda makavu ya maharagwe, akatia majivu katika debe lililotobolewa chini, akamwagia maji juu. Yaliyodondoka yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi, maji yale yale wanawake wa huku wanayotia kwenye mboga ya mrenda ili ilainike, ila yeye aliyachemsha hadi yakawa makali ya kuyeyusha unyoya wa kuku. Hapo ndipo alipotia mafuta ya ng'ombe na kukoroga hadi mkono uchoke. Sabuni yake ilikuwa laini, nyeusi nyeusi, na ukiiona hungedhani itang'arisha kitu. Iling'arisha. Na vidole vyangu vikapona, nikamwombea dua mwanamke yule katika kila swala.

Mara ya kwanza nilimuuliza mafuta anatoa wapi. Akanipeleka hadi bucha ya Mukhtar, ambaye tunaswali naye msikiti mmoja, nikaona kwa macho yangu. Sikuuliza tena.

Ramadhani ya mwaka ule Pasaka iliangukia ndani yake. Siku chache kabla ya Idd, Gaudencia aliniletea mkebe mpya umejaa pomoni, akasema ni zawadi ya sikukuu yangu. Mume wangu Yahya, dereva wa lori, alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpakani Malaba lakini aliahidi kufika kwa swala ya Idd. Alikuwa na kanzu nyeupe moja tu ya maana. Basi asubuhi ya mkesha nikafua kanzu ile, shela yangu ya kuswalia na gauni la binti yetu Shamira. Nikaanika, nikasimama kuzitazama kwa majivuno.

Adhuhuri Gaudencia alikuja mbio mbio, leso imemlegea kiunoni. Hakuketi.

"Mama Shamira, hizo nguo msivae," alisema. "Hiyo sabuni nilipika na mafuta ya nguruwe. Okwara, shemeji yangu, alichinja Pasaka akaniletea. Kwa akili yangu ikishakuwa sabuni ni sabuni tu. Zilpa wa kanisani ndio ameniambia sasa hivi kwamba kwenu hata sabuni yake ni haramu."

Damu ilinipanda. Nilimwambia maneno, na nisingekuwa nimefunga ningemwambia mabaya zaidi. Nilimwambia amenichafulia Idd, amemchafua mume wangu, amechafua hata kamba ya kuanikia. Alisimama akapokea yote. Nilipoishiwa pumzi nikamuuliza nani mwingine anajua.

"Ni mimi na Zilpa tu," akajibu. "Lakini wewe ndio ungeswali nazo."

Angeweza kukaa kwake akanyamaza. Mimi ningeswali, ningemshukuru, ningeomba mkebe mwingine.

Nilikuwa bado na hasira, kwa hiyo nikamwambia kwa ukali kwamba kwetu kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilidhani atashangaa aende zake. Badala yake aliuliza ni udongo wa aina gani.

Alichimba nyuma ya ukuta mahali pasipokanyagwa, akauchunga kwa chekecheo lake la unga. Mimi nikachota maji, yeye akafua. Alianza na udongo, akafuatisha maji matupu, karai baada ya karai, nami nikihesabu kwa sauti kama mwalimu wa darasa la kwanza. Tuliosha kila kilichoguswa, hadi karai na kamba. Tulipomaliza, nguo zilikuwa twahara. Lakini udongo wa Busia ni mwekundu, na kanzu ya Yahya ilikuwa na rangi ya uji wa wimbi.

Nilileta mche wa dukani, haukufua dafu. Upande wa ziwa mawingu yalishaanza kujikusanya, na mimi machozi yalinilenga. Gaudencia alikwenda kwake akarudi na sufuria mpya ambayo haikuwahi kupikiwa, ndani yake maji ya majivu, yale makali.

"Hii ni majivu na maji peke yake," alisema. "Hakuna mnyama hapa."

Akatumbukiza mikono, akafikicha ukosi, akafikicha pindo, hadi kanzu ikarudi nyeupe. Mvua ilitukuta tumeshaikamua. Tuliimalizia kwa pasi ya makaa, tukipokezana.

Yahya alifika alfajiri, akavaa, akaenda kuswali. Alichosema ni kwamba kanzu imetakata kuliko alivyoiacha. Baada ya swala nikamweleza yote. Aliniuliza kwa nini pilau ya jirani bado iko kwenye sufuria.

Gaudencia alifungua mlango lakini hakutaka kunitazama usoni. Sahani ya pilau aliipokea kwa vifundo vya mikono, vidole amevikunja. Niliiweka sahani mezani, nikamkunjua vidole kimoja kimoja. Ngozi ilikuwa imebanduka yote, nyekundu, kama ya kwangu wakati ule, na zaidi.

Nilikwenda chumbani kwangu nikaleta samli. Nikaketi naye kitandani, na nguo zangu za Idd, nikampaka. Alisema niache, kwani yeye ndiye aliyekosa. Nilimwambia anyamaze, leo mwenye kuzungumza ni mimi.

"Asante, Mama Beryl," nikasema. "Kwa kuja kuniambia."

Na mimi, mwenye mdomo wangu wote, sikuwa na lingine la kuongeza. Nikaendelea kumpaka, halafu nikamlisha pilau kwa mkono wangu, kwa sababu yeye hakuweza kushika kijiko.